Majina Usiguse

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa karani wa duka la vitenge Muhima, na nilikuwa na maringo ya maneno. Nilikulia Kigoma, ng'ambo ya mpaka, Kiswahili changu kilinyooka, na mtaani kwetu hakuna aliyeandika barua ya maana bila kunipitia. Vita vilikuwa kaskazini, habari zake tulizisikia redioni kila siku, lakini watu waliendelea kuoana, na zamu ya kaka yangu ilikuwa imefika.

Baba wa msichana alikuwa fundi cherehani, mtu mgumu. Posa mbili alishazirudisha, na kaka hakuwa analala vizuri. Kwa hiyo baba mkubwa, aliyetulea, akanitolea sandukuni barua kuukuu ya posa niifuate. Niiandike upya, wakwe wasije wakasema tumenakili.

"Badirisha maneno yote," alisema. "Lakini majina usiguse. Majina iko ya wenyewe."

Nilifurahi sana. "Tunaomba" nikaifanya "tunasihi", "binti" akawa "mwanamwali", "nyumba" ikawa "maskani". Majina sikugusa. La kijana lilikuwa la kaka kabisa, kwani alipewa jina la baba mkubwa. La msichana sikulijua, nyumbani tulimwita wifi tu, na baba yake mtaa mzima ulimwita Fundi. Nikaibandika bahasha kabla mtu hajaomba kuiona.

Siku ilipofika, wanaume walikaa sebuleni kwa Fundi, sisi wanawake chumbani nyuma ya pazia. Mzee wao mmoja akasoma kwa sauti, nami nikatabasamu kwa kila neno langu. Akafika kwenye majina, akayarudia.

"Huyu mwanamwali iko nani?" Fundi akauliza. "Mimi sina mtoto wa hilo jina. Na huyu mzee si mimi."

Nikamgeukia mama mkubwa, mke wa baba mkubwa. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia akiitwa ila kwa jina la mwanawe wa kwanza. Akaliweka chini sinia la maandazi.

"Ni mimi," alisema polepole. "Na huyo mzee ni baba yangu. Lakini mimi hakuna barua walinisomea. Wazee walimalizana kwa mdomo."

Wanawake walicheka mpaka pazia likatikisika. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kule sebuleni kaka hakucheka, alimtazama Fundi tu. Fundi akaomba kuelezwa, akaelezwa kwamba ile ya sandukuni ilikuwa posa ya baba mkubwa mwenyewe, haikupelekwa kamwe, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu yule akicheka.

"Andika ingine hapa hapa," akaniambia. "Hii peleka kwa mwenyewe."

Nikaandika juu ya meza yake ya kushonea, yeye akinitajia majina herufi kwa herufi. Ikasomwa tena, akakubali. Kaka alilia mbele ya watu bila haya, na vigelegele vikafika barabarani.

Tulipokuwa tunateremka kuelekea stendi ya Nyabugogo, mama mkubwa alikuwa na ile barua iliyosomwa kwanza ndani ya kanga yake. Akamuuliza mumewe kama maneno mazuri namna ile aliyaandika yeye. Nilisubiri sifa zangu. Baba mkubwa hakuwahi hata kusifu chakula.

"Maneno iko ya huyu mtoto," alisema. "Yangu iko majina tu."

Mama mkubwa akamshika mkono barabarani, mchana kweupe. Nikapunguza mwendo ili wanitangulie.