Mwana wa Syamsinar Aliyekuja na Masharubu

Jirani yangu Syamsinar hajawahi kuzaa. Kwetu hapa chini ya Mlima Sago nyumba hurithiwa na binti, kwa hiyo nyumba yake haina wa kuikalia akifa. Watu walimwonea huruma. Mimi sikumwonea, maana ni mkaidi kunishinda, na hilo si jambo dogo.

Binti yangu Yusmarni alimpenda Sugeng, seremala wa Kijava aliyekuwa akilala kwenye kijumba cha sala cha mtaa pamoja na wanaume wasio na wake. Kaka yangu Bahar akakataa. "Bwana harusi huchukuliwa nyumbani kwa mama yake. Huyu mama yake amekufa huko Java, ukoo hana. Tukamchukue wapi, sokoni?"

Syamsinar aliposikia, akatuma mtu: huyo Mjava ni mwanangu. Akachinja mbuzi, wakubwa wa ukoo wake wakala, wakamkubali ukooni, yakaisha. Nikabaki najiuliza. Angetaka mrithi si angechukua msichana? Mwanamume kwetu akioa anahamia kwa mkewe. Sasa anamtakia nini mtoto mwenye masharubu?

Ijumaa ndoa ikafungwa msikitini. Imamu akamtaja Sugeng bin Wagiman, kwa jina la baba yake mzazi. Nikamtazama Syamsinar kama atanuna.

"Unanitazamia nini?" akaniambia. "Mbele ya Mungu ni wa Wagiman. Mbele ya mlango wangu ni wangu."

Jumapili tukaenda kumchukua, na tambuu kwenye sinia, imefunikwa kitambaa cha nyuzi za dhahabu. Yusmarni tulimwacha nyumbani na taji zito kichwani, wageni wamejaa. Syamsinar alikuwa amekaa mlangoni, juu ya ngazi. Bahar akasema tumemfuata Sugeng.

"Sugeng simjui."

"Dada, acha utani, chakula kinapoa."

"Kipoe. Hapa yuko mwanamume aliyeoa, na ana jina lake la heshima. Mlikuja kuliuliza? Au Mjava hastahili?"

Bahar akanigeukia. Kwetu mwanamume akioa jina la utotoni huachwa, akapewa jina la ukoo wake, na wakwe huliuliza mapema. Hatukuuliza. Hakuna aliyefikiri kwamba Sugeng atakuwa nalo. Na tungerudi bila bwana harusi, mbele ya wageni wale, Yusmarni angeuficha wapi uso?

Basi nikachukua sinia mimi mwenyewe, magoti yangu haya, nikapanda ngazi, nikaliweka mbele yake. "Mkwe wangu, mwanao anaitwa nani?"

Alitafuna tambuu kwanza. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Sutan Rajo Ameh. Lilikuwa la marehemu kaka yangu."

Bahar akaanza upya, kwa jina hilo, na mwenyewe akatoka ndani, masharubu yanatetemeka, macho mekundu. Walipokuwa wanamshusha nikamwinamia Syamsinar.

"Niambie kweli. Kwa nini hukuchukua msichana?"

"Msichana angekaa tu ndani. Maisha yangu yote nimebeba tambuu kwenda kuwaombea wengine kwenye milango ya watu. Nilitaka na mimi nipandiwe ngazi, niombwe." Akalivuta sinia karibu. "Na nilitaka mwombaji uwe wewe."

Mpaka leo Sutan kila Ijumaa akitoka msikitini anapitia kwake, na akifika kwangu ameshashiba. Nimemwambia Syamsinar apunguze wali. Anasema hanisikii.