Udongo Tulioutupa Juu

Walioshtuka kwanza ni akina mama, waliponiona na jembe langoni mwa shule.

"Woi! Nani alikufungulia mlango?" akauliza mwenyekiti wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi.

"Mke wangu," nikasema. "Halafu akaufunga nikiwa nje."

Kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kuchimba, na mke wangu alikuwa na zamu kiwandani Athi River. Basi nikaenda mimi, ambaye safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kwenye redio hadi kwenye chupa ya chai. Kila mvua iliponyesha, maji yalishuka kutoka madarasa ya juu hadi nasari ya watoto wadogo kule chini. Mwalimu mkuu alishatuambia: yakiingia tena, nasari inafungwa. Msichana wangu alisoma hapo, na nasari nyingine ilikuwa ng'ambo ya mto.

Tulichimba bustani ya mvua: shimo pana la kuyameza hayo maji, tupande nduma na matete ndani. Mwalimu mkuu alituonyesha kwa mkono. Udongo ukae upande wa chini, uzuie maji shimoni. Sote tukaitikia. Alipoingia darasani, mikono ikafanya inachojua. Tumekua tukichimba matuta mashambani, na huko udongo hutupwa upande wa juu. Tukautupa juu, tukaupigapiga, tukausifu.

Mvua ilitukuta tukinywa uji. Maji yaligonga tuta letu, yakageuka, yakalifuata hadi mwisho, kisha yakashika njia ya mlango wa nasari. Shimoni, hata chura hangelowa miguu.

"Ngai! Tumechimba shamba!" mwenyekiti akasema, kikombe kikiwa kimegandia mdomoni.

Sijui nani aliiinua miguu yangu. Nilijikuta juu ya tuta nikilipasua kwa jembe, akina mama wakinifuata, hadi maji yakaporomoka shimoni kwa kishindo.

Ndani ya nasari yalikuwa yamefika vidole vya miguu tu. Mwalimu mkuu akatazama sakafu, akatutazama sisi.

"Kesho udongo ushushwe," akasema. "Na watoto waje kama kawaida."

Msichana wangu alikuwa amesimamishwa juu ya meza pamoja na wenzake. Maji hakuyajali. Alinikodolea macho mimi, niliyejaa matope hadi masikioni.

"Baba," akasema, kama mtu aliyeona mzimu, "uko nje?"