Ufunguo wa Nyumba ya Mashine

Siku hizi ukivuka daraja kutoka Bariadi mjini, kijiji chetu hukioni mpaka uulize. Kimemezwa na nyumba za bati, baa na mafundi pikipiki. Wapangaji wa pale wanadhani maji yalianza na bomba la juzi, na hilo linaniudhi. Sisi tulikuwa na maji ya bomba mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Tulikuwa na zahanati yenye dawa, duka la ushirika, ghala la pamba, na juu ya ukingo wa mto kulikuwa na nyumba ndogo ya matofali yenye mashine ya kusukuma maji. Mashine hiyo ilishushwa kwenye treni Malampaka, ikaja kwa lori la pamba, kisha wanaume wa kijiji wakaipandisha ukingoni kwa kamba na mabega. Baba alikuwa mmoja wao. Akapewa ufunguo, akawa mhudumu wa pampu, na tangu hapo mikono yake ikanuka dizeli hata alipokuwa anakula.

Kisha yakaja mambo ya soko huria. Ushirika ulilegea, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, na zahanati ikawa mahali pa kuandikiwa dawa ukanunue mjini. Dizeli ya pampu, iliyokuwa ikiletwa kutoka wilayani, ikakoma bila hata barua. Bomba likakauka. Wanawake wakarudi mtoni kuchimba mchangani, kama walivyofanya bibi zao.

Mto wetu hautiririki mwaka mzima. Wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, mpana, na maji yako chini yake. Unachimba, unasubiri yatulie, unachota kwa bakuli. Jua likizidi kukaza, shimo nalo linazidi kwenda chini, mpaka anayechota anazama kabisa na mwenzake anapokea ndoo juu.

Baba hakuacha kwenda kwenye nyumba ya mashine. Kila asubuhi alifuta vumbi, akapaka grisi, akafunga mlango, akarudi. Hata tone la dizeli hapakuwa nalo, lakini yeye alipaka grisi. Ndipo akatokea mfanyabiashara mmoja wa pamba, akataka kuikodi ile mashine aifunge iwe ya kusaga nafaka. Mkutano wa kijiji ukakubali. Walisema chuma kikikaa bure kitaliwa na kutu, na hawakusema uongo. Baba akasimama, akasema mashine ni ya maji, maji ni ya watu wote, na ufunguo hatoi. Walimsihi mara ya kwanza, wakamsihi mara ya pili. Mara ya tatu mtemi wa walinzi wa jadi, yule aliyeongoza ulinzi wa ng'ombe na nyumba zetu, akatamka kwamba tumetengwa.

Ukitengwa hupigwi. Unaachwa tu. Hakuna anayekusalimia wala anayekupa moto wala chumvi. Husogelei kisima cha wenzako. Na ukipiga mwano, lile yowe la hatari ambalo kila anayelisikia lazima alikimbilie, wewe huitikiwi. Anayevunja amri anatozwa mbuzi. Mama alikuwa akipita njiani asubuhi anasalimu "Mwangaluka," na watu waliokula nyumbani kwetu wanatazama miti.

"Wape huo ufunguo, baba watoto," alimwambia kila siku. "Unalinda nini pale?"

"Nikiutoa, pampu haitarudi."

"Na sisi je, tutarudi?"

Nilikuwa upande wa mama. Nilikuwa darasa la sita, na rafiki yangu wa dawati moja alikuwa amehamia dawati la nyuma bila kuniaga. Nilimchukia baba waziwazi, na nilitaka alijue hilo.

Kwa kuwa visima vya wenzetu tulikatazwa, mimi na mama tulichimba chetu kwenye kona ya juu ya mto, mbali na macho ya watu. Kazi ya wanawake wanne tuliifanya wawili. Kufika Novemba shimo lilikuwa limempita mama kichwa. Alikuwa amechonga vipandio ubavuni, vya kushukia na kupandia.

Siku ile jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe. Upande wa mashariki tu, huko mbugani, mawingu yalikuwa yamesimama siku ya pili. Watu wa mto tunajua kwamba maji huweza kuja na mvua ya watu wengine. Wazee walikuwa wamepita asubuhi kwenye visima vya chini kuwatoa wanawake mchangani. Baadaye niliambiwa walipita kisima kwa kisima. Kwetu hawakufika, maana ni nani angefungua mdomo kutuambia?

Mama akiwa chini akasema, "Mbona maji yanapanda yenyewe?"

Nikainua uso. Ndege walikuwa wanaruka kwenye miti ya kona ya mbali, na nyuma yao nikasikia mvumo wa chini, mzito, usiokatika.

"Mayu, toka!" nikamwita mama.

Akakanyaga kipandio cha kwanza, kikabomoka. Akakanyaga cha pili, na ubavu mzima wa shimo ukamwangukia. Mchanga mbichi ulimfunika mpaka kiunoni. Nililala kifudifudi nikamshika mkono, nikavuta mpaka bega likalia. Hakusogea. Akaniambia niende, niwaangalie wadogo zangu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mvumo.

Nikasimama nikapiga mwano. Nilijua hautaitikiwa, lakini nikaupiga, nikaurudia mpaka koo likachanika.

Wakaja. Wanaume wa kijiji walikuwa kikaoni kwenye uwanja wa zahanati, na yowe halisemi ni la nyumba gani. Walikuja mbio na pinde na fimbo wakidhani ng'ombe wameibwa. Walipofika ukingoni wakaniona ni mimi.

Wakasimama.

Watu wameniambia ukubwani kwamba hawakusimama, kwamba ni hofu yangu tu. Walisimama. Niliwatazama mmoja mmoja, na mpaka leo naweza kuwapanga. Wote waligeuza macho kwa mtemi. Mtemi akatazama juu ya mto, akanitazama mimi, akatazama tena juu ya mto. Mvumo ulikuwa umekaribia hata nikihema siwezi kujisikia. Kisha akatupa upinde wake mchangani, akateremka, akaanguka magotini pale shimoni akaanza kufukua kwa mikono.

Alipoteremka yeye, wote waliteremka. Walifukua, wakafunga shuka zao pamoja, wakampitisha mama kwapani, wakamvuta mpaka mchanga ukamwachia. Walimkokota ukingoni huku maji ya kahawia yakigeuka kona. Yalichukua kisima, ndoo zetu na upinde wa mtemi.

Mama alimpigia mtemi magoti. "Asante, baba. Asanteni."

Hakuna aliyejibu. Hata pole, ambayo kwetu hupewa hata mtu aliyejikwaa tu, hakuna aliyeitoa. Waliokota fimbo zao wakaondoka mmoja mmoja. Baba alikuja mbio kutoka kwenye nyumba ya mashine, mikono imejaa grisi, akamkuta mama na mchanga mpaka kwenye nywele.

Asubuhi yake alivaa ufunguo shingoni kwa uzi wake, akatoka. Mama akamzuia mlangoni. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Usiwape," alisema. "Wamenitoa kama mzoga. Hata pole! Usiwape."

"Walisimama kwa muda gani?" baba akaniuliza.

Sikujua kuupima. Nikasema, "Kidogo."

"Safari nyingine watasimama zaidi," akamwambia mama, akapita.

Kufika adhuhuri tulikuwa watu tena. Wanawake walikuja na maziwa na unga, na mtemi akajitoza mbuzi mwenyewe kwa kuvunja amri yake. Mbuzi huyo tukaitwa na sisi kumla. Mama aliitikia salamu zote.

Pampu haikurudi. Mashine ilifungwa kwenye kibanda karibu na barabara, na baba akawa anakwenda kila asubuhi kusimama mlangoni, akiisikiliza, akimwambia mwendeshaji lini aweke grisi. Hakuna aliyemwajiri. Na mama, aliyemwomba mwaka mzima atoe ufunguo, alibeba mahindi yake kichwani kwenda kuyasaga mjini, ng'ambo ya mto, mpaka alipozeeka. Njia ilipita mbele ya kile kibanda. Alipita bila kugeuza shingo, na baba aliposikia hatua zake aliinama akaitazama mashine.