Besi ya Zamani, Besi Mpya, na Mzee Aliyekaa Juu ya Spika

Kwa habari za besi ya zamani, Nairobi hii hakuna anayenishinda. Nasema hivyo na siombi radhi. Shule niliachia darasa la saba, nikasukuma mkokoteni, nikauza taa za magari kwa mikono barabarani, na leo nina maduka mawili ya spea pale Kirinyaga Road na nyumba yangu mwenyewe mtaa wa Jamhuri. Katikati ya hayo yote nikajifunza kupiga gitaa la besi bila mwalimu. Nilisimama karibu na spika za bendi za wenyewe mpaka tumbo likashika kile ambacho masikio yalishindwa.

Besi yangu niliinunua kwa mpigaji wa bendi moja ya hoteli, bendi yao ilipovunjwa. Ni ya Marekani, ya miaka ya sabini, nzito kama mtoto aliyelala. Rangi imebanduka pale mkono wa mwenyewe wa kwanza ulipokuwa unaegemea. Sauti yake ni fupi na nene. Dum. Halafu kimya. Halafu dum. Kwa miaka mingi nimewaeleza watu kwamba sauti ile ni mti. Mti wa zamani uliokauka vizuri, na sumaku za zamani zilizofungwa kwa mkono. Nimeyasema hayo harusini, nimeyasema matangani, nimemwambia hata daktari wangu wa meno.

Jumapili alasiri tunapiga nyimbo za zamani kwenye bustani ya mkahawa mmoja kule Hurlingham. Mpiga ngoma wetu ni mzee jirani yangu, amenizidi umri kwa mbali, na masikio yake yanamtoka kidogo kidogo. Kwanza alipoteza mlio wa simu, kisha wa ndege, kisha sauti ya mwimbaji. Ukimtazama usoni na kupaza sauti, anakupata. Ukimgeuzia mgongo, huna mtu. Wateja hawajui, kwa sababu tulipata dawa: tulimnyima kiti. Tunamkalisha juu ya sanduku la spika yangu, na kila nikigusa uzi anaupata pale alipokalia.

"Mimi siku hizi nasikia na makalio," huwa ananiambia, "na hayajawahi kunidanganya kama nyinyi."

Basi mwaka huu shingo ya besi ikapinda. Nilimpelekea fundi mmoja mjini, akaifumbia jicho moja kama mtu anayelenga bunduki, akasema chuma cha ndani ya shingo amekikaza mpaka mwisho wake, na nikiendelea kuivuta na zile nyuzi nzito itapasuka mikononi mwangu. Sikulia. Mimi ni mtu wa spea, kitu kikiisha natafuta kingine. Na nilikuwa nimeshasikia kwamba kiwanda kile kile kinazitengeneza upya besi zile zile: umbo lile, rangi ile, hadi vifundo vya kuzungushia sauti vile vile, ila zimetoka juzi.

Nilimwambia mzee habari hiyo nikiwa nimesimama langoni pake. Alikuwa anamwagilia sukuma wiki. Akazima mpira wa maji.

"Kijana," akasema, maana kwake mimi bado ni kijana, "kama hiyo mpya sitaipata, nimemaliza. Sitangoja siku watu watanicheka mbele ya wajukuu wangu."

"Utaipata, mzee wangu."

"Usiniambie utaipata. Nipeleke niikalie."

Kesho yake nilimpakia kwenye gari, na besi ya zamani kiti cha nyuma, tukaenda duka la vyombo vya muziki Parklands. Mwenye duka ni mtu wa Mombasa, tunajuana miaka mingi, na hatujawahi kukubaliana jambo lolote.

"Karibu, bwana mkubwa," akasema. "Leo umekuja kununua, au umekuja kuzitukana bidhaa zangu kama kawaida yako?"

"Leta amplifaya, sheikh. Maneno baadaye."

Tukaziweka besi mbili juu ya kaunta, ubavu kwa ubavu. Nakwambia, ni pacha. Kahawia ile ile inayofifia kuwa njano katikati. Kichwa kile kile. Ile mpya ilinukia vanishi, shingo imenyooka kama rula, na nilipoipakata ilikuwa nyepesi kidogo. Sijui kama kuna raha inayozidi kushika kitu unachokijua sana kikiwa kipya kabisa, kana kwamba mtu amekurudishia meno yako ya ujana.

Mzee akaketi juu ya sanduku la spika. Nikaanza na ya zamani, polepole, nikiihurumia shingo. Guu lake la kulia likaanza kupanda na kushuka lenyewe. Hiyo nilijua.

Nikachomeka mpya. Sauti ilitoka safi, ndefu, inang'aa. Vidole vikakimbia mahali havijawahi kufika, wateja wawili wakageuka, mwenye duka akakunja mikono kwa majivuno kana kwamba ameitengeneza yeye. Nilipiga wimbo mzima nimefumba macho. Nilipoyafumbua, mzee alikuwa anasoma bei ya kinanda kilichokuwa mbele yake, kama mtu anayengoja zamu hospitali.

Nikasimama mbele yake. "Vipi?"

"Umeanza?" akauliza.

Hakuwa anatania. Akapapasa sanduku kwa kiganja. "Linavuma tu, kama friji. Sijui pigo limeanzia wapi wala limeishia wapi." Akashika magoti yake tayari kuinuka. "Haidhuru. Ni nzuri. Inunue, utafute mtoto wa kupiga ngoma."

"Kaa hapo hapo, mzee," nikamwambia, na nikamshika bega kwa nguvu kuliko heshima inavyoruhusu.

Tukazungusha kila kifundo. Ikavuma chini, ikavuma juu, lakini ikavuma. Mwishowe mwenye duka akasema tatizo ni nyuzi, tuzihamishe nyuzi za zamani kwenye mpya. Mimi nyuzi za besi yangu sijawahi kuzitoa, nilikuwa nazipangusa tu. Na kuzitoa ilibidi afungue kifuniko cha chuma kinachofunika pale zinapofungiwa, kifuniko nilichokuwa nakisugua king'ae kila Jumamosi. Akazungusha bisibisi, akakiinua, akainama kuchungulia.

"Bwana mkubwa," akasema, "hii nini?"

Chini ya nyuzi, limesukumwa likabana, lilikuwa pande la mpira wa buluu, limechakaa, lina mifereji ambayo kila mtu anaijua.

"Ni ndara," akasema.

"Ndara gani?"

"Ndara, kandambili, ya kuendea chooni. Mtu amekata ndara akaitia humu."

Mzee hakuwa amesikia hata neno, lakini macho yake ni mazima. Aliinamia besi, akaligusa lile pande, akaanza kucheka taratibu mpaka mabega yakatikisika. "Patapata ya mguuni," akasema. "Na wewe miaka yote unatuambia ni mti wa Marekani."

"Mti nao upo," nikasema.

Sijui aliyeitia humo ni nani, labda yule wa hoteli, labda aliyemtangulia. Lakini nilielewa palepale, na sikuhitaji chuo. Uzi unaolalia mpira hauwezi kuendelea kulia. Unapiga mara moja, unazimika. Ndiyo ile dum na kimya, na kimya kile ndicho kilichokuwa kinamwambia mzee pigo limeisha.

"Sheikh, nataka ndara."

"Siuzi ndara mimi."

"Hizo zilizo pale mlangoni kwa nyuma."

"Hizo zangu za kutawadhia."

"Nitakununulia mpya, ngozi ukitaka."

Alizitazama, akamtazama mzee aliyekuwa amesharudi juu ya sanduku. "Kata kisigino," akasema. "Uniachie pa kukanyaga."

Nilikikata kwa kisu chake cha kufungulia maboksi, nikakibana chini ya nyuzi za besi mpya, nikapiga uzi mmoja. Dum. Kimya.

Mzee aliinua kichwa.

Nikaendelea. Guu likapanda. Akanyoosha mkono bila kutazama, akachomoa vijiti vipya vya ngoma kwenye rafu, akapasua nailoni kwa meno, akaanza kupiga juu ya boksi tupu la ile besi.

"Mzee, ukipasua umenunua," mwenye duka akasema.

Wa kumsikia hakuwepo. Nami nikapandwa na mori, nikampa mgongo makusudi, nikakaza mwendo bila kumwashiria kitu. Akanifuata mapigo mawili, matatu, kisha sauti yake ikajaa duka zima:

"Wewe kijana, unakimbilia wapi? Rudi kwenye mdundo."