Siku Nilipoita Majembe Nikasahau Maji

Nilioa Mkunya miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, nikahamia kwa wakwe kama desturi ilivyotaka. Kwetu Masasi nilikuwa nikisimama tu sokoni, muuza karanga anaficha kipimo chake, kwa jinsi nilivyojua kuvutana bei. Huku Mkunya, juu mlimani, hakukuwa na bei ya kuvutana. Ukitaka shamba unaita majirani, wanakuja na majembe, unawalisha, nawe kesho unaitwa kwao. Ukishindwa kuwalisha, mwito wako wa pili hauitikiwi, nayo mvua haimsubiri mtu.

Nikaita. Nilihesabu majembe: kumi na nane. Nikarudia: kumi na nane. Unga wa makopa ya muhogo ulikuwapo, kunde zilikuwapo, na uraka, pombe ya mabibo, mitungi miwili.

Jua lilipopanda, mke wangu akanijia shambani. "Maji ya ugali umeyaweka wapi?"

"Si yapo kisimani?"

Alinitazama kama anayekumbuka posa alizozikataa. Kwa majigambo yangu, alidhani nimekwisha kupatana na wachotaji. Kisima cha kwetu Masasi kilikuwa nyuma ya jiko. Mkunya maji yalikuwa bondeni, kushuka genge na kulipanda, nusu siku nzima. Mwenye kuita majembe alianza kujaza mitungi siku tatu kabla. Kila mtu alilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyeniambia.

Mzee jirani akaegemea jembe lake. "Babu zetu walikimbilia huku wakati wa vita. Adui akifika, kiu inamrudisha. Mkwe wetu naye katuona maadui?"

Wakacheka, lakini wawili walikwisha kufuta udongo kwenye majembe yao, tayari kuondoka.

Ndipo mama mkwe akatokea kutoka nyumbani kwa dada yake, kainama kwa adabu ya wakwe. Nyuma yake mabinti, na mitungi mitano.

"Mwambie mumeo," akamwambia mke wangu, nami niko hatua tatu tu, "nilimsikia akihesabu. Maji sikuyasikia."

Alikuwa ameshuka bondeni siku tatu mfululizo bila kutuambia, maji akiyaweka kwa dada yake.

"Shikamoo, mama." Mimi na maneno yangu yote, hilo ndilo nililopata.

"Marahaba. Haya, walime, watu wamechoka kusimama."

Mihogo tuliyopanda katika shamba lile ilitulisha, na mikorosho niliyoipanda katikati yake ingalipo. Mwaka uliofuata nikaita tena, wakaja wote. Mpaka mama yule alipofariki, maji yake nilimpandishia mimi, madebe mawili yakining'inia kwenye mti wa begani, wanaume wakinizomea njia nzima:

"Bibi, umeolewa wapi?"

"Kwa mama mkwe," nawajibu, naendelea kupanda.