Asiyetembea Haingii

Juzi jirani yangu alikuwa anasafisha shamba lake la migomba. Kakata majani makavu yote, kayarundika karibu na njia, halafu mvua ikanyesha kidogo na jua likatoka. Jamani, ile harufu! Ni kama vumbi, kama chai iliyosahaulika kwenye birika, na kwa mbali kama maganda ya karanga. Nilisimama pale na ndoo yangu mpaka jirani akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mdogo wangu. Akacheka, akaendelea na panga lake. Basi ngoja niwasimulie ninyi, maana mimi jambo likinikaa kooni, hata chakula hakishuki.

Mdogo wangu anaitwa Mujuni. Wakati ule mimi niko darasa la tatu, tunakaa kijijini Chonyonyo, na yeye ameshapita miaka miwili ila hatembei. Sio kwamba alikuwa mgonjwa. Alikuwa na mashavu, anakula matoke kunishinda mimi, anaongea maneno yake siku nzima. Ila kutembea, hapana. Ukimsimamisha anakunja miguu kama anayepanda pikipiki, anakaa chini, anakuangalia. Kliniki walimkagua wakasema miguu haina shida, atatembea siku akitaka. Sasa nenda kawaambie hivyo watu wa kwetu.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama Deusi, jirani yetu wa upande wa chini, akasema achimbiwe shimo, asimamishwe humo, udongo umshike mpaka kiunoni, miguu itapata nguvu. Mama alikataa, akakataa tena, mwisho akachukua jembe. Mngemuona Mujuni mle shimoni! Katulia kama mche wa kahawa uliopandwa asubuhi hiyo. Hakulia. Alichota udongo akala, akaomba maji ya kushushia. Kilio kilianza tulipomtoa, alikuwa anataka kurudi.

Deusi, mtoto wa huyo mama, alikuwa anachungulia. Kesho yake njiani kwenda shule akaanza.

"Asimwe, kile kiazi chenu mmeshakivuna?"

Wenzake wakacheka.

"Au mnasubiri kikomae?"

Sikumjibu kwa mdomo. Hasira zangu hata sasa haziko mbali, lakini wakati ule zilikuwa zinakaa mkononi kabisa. Jioni Mama Deusi akaja kwetu anamvuta mwanaye.

"Mama Asimwe, huyu uliyemzaa ni mtoto au ni chui? Hebu angalia shati!"

Mama aliomba msamaha, akalipokea lile shati akalishona yeye mwenyewe. Hakunichapa. Walipoondoka aliniuliza tu, "Alisemaje?" Nikamwambia. Akaukata uzi kwa meno, akainuka kwenda kuangalia moto.

Sasa mwaka huo, Krismasi ikiwa inakaribia, Baba akapiga simu. Baba alikuwa dereva wa fuso, anabeba ndizi kutoka Kyerwa kupeleka mikoa ya mbali, kwa hiyo nyumbani sauti yake tuliijua kuliko sura. Akasema sikukuu hii anatupeleka wote mjini Kayanga, siku ya pili ya Krismasi, kuna michezo ya watoto inakuja: bembea ya kuzunguka, treni ndogo, na jampingi. Jampingi ni lile jumba la mpira linalojazwa upepo kwa mashine, watoto wanarukaruka ndani. Mimi nilikuwa sijawahi kuliona. Deusi alishaliona, na alituambia ukiruka vizuri unaiona Rwanda. Nilimuamini. Nilikuwa nimemsamehe kidogo, kwa sababu ya Rwanda.

Palepale nikaanza kupanga. Mkitaka kujua kazi ni nini, pangeni safari ya kwenda kwenye michezo na mtoto mdogo. Mujuni alikuwa analala kila siku jua likigonga mlango wa jiko, na akikosa usingizi wake huyo mtoto anakuwa balaa, kwa hiyo lazima tutoke mapema na kurudi mapema. Akisikia njaa anauma watu. Nikaamua tubebe ndizi mbivu, uji kwenye chupa, na kanga mbili, moja ya kumbeba na moja ya ajali. Halafu kulikuwa na kelele. Deusi alisema jampingi ina jenereta, na Mujuni alikuwa anaiogopa mashine ya kusaga kama kifo. Basi kila nilipotumwa mashineni nikawa naenda naye mgongoni. Mwanzoni tunakaa ng'ambo ya barabara, ananikaba shingo. Siku nyingine tunasogea kidogo. Mpaka ikafika siku tumekaa mlangoni kabisa, unga unatupaka nyusi, na yeye anaiga mashine, "Gugugugu," anamchekea mzee wa mashine.

Niliporudi siku hiyo nikampa Mama ripoti kama mkubwa. Alikuwa anamenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Utaenda na baba yako. Mimi na Mujuni tutabaki."

"Kwa nini?"

"Wasiotembea hawaruhusiwi. Asiyetembea haingii, ndiyo sheria yao."

"Nani kasema?"

"Mwanangu, sheria ni sheria. Lete maji."

Nilitoka mle ndani. Nikakimbia mpaka kwa Deusi kumuuliza kama ni kweli. Tatizo la Deusi, katika maisha yake hajawahi kusema neno sijui. Akakuna kichwa, akasema, "Eeh. Wameandika pale mlangoni, kwa rangi nyekundu."

Sheria gani ya kijinga hiyo? Asiyeweza kusimama si ndiye anayehitaji jumba la mpira kuliko wote? Nilirudi nikamwambia Mama basi na mimi siendi. Akasema nitaenda. Nikasema siendi, hata nibebwe kwenye gunia. Akaendelea kumenya, akasema, "Kichwa chako kama cha baba yako."

Nilipomaliza kulia nikapata wazo. Kama jampingi haimtaki Mujuni, jampingi itakuja nyumbani. Tulikuwa tumetoka kusafisha migomba, majani makavu yamejaa kila mahali. Nikayakusanya nyuma ya jiko, rundo kubwa, nikalizungushia magogo ya migomba iliyokatwa yasitawanyike. Nikamtupa Mujuni katikati. Akazama mpaka mabega. Akatulia. Halafu akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kinatokea tumboni.

Deusi akaja bila kuitwa. Akaruka, akaanguka kifudifudi. Mimi nikaruka, nikaanguka. Kwenye majani yale hakuna aliyeweza kusimama sawasawa, na kuanguka hakuumi, unasikia tu *kwachaa!* Nadhani Mujuni alikuwa anatuangalia na kufanya hesabu zake, kwamba kumbe hawa wanaotembea nao wanaanguka. Siku moja akashika sketi yangu akasimama. Akaanguka. Akashika tena. Baadaye akaacha sketi. Akapiga hatua, kwachaa, akapiga nyingine, kwachaa, anacheka. Deusi akapiga kelele, "Kiazi kinatembea!" Akanitazama haraka, akarudi nyuma. Sikumgusa. Nami nilikuwa napiga kelele hizohizo.

Nikamwita Mama mbio. Akaja anafuta mikono. Nikamtoa Mujuni kwenye majani, nikamsimamisha uwanjani. "Tembea, Mama akuone!"

Akakunja miguu, akakaa.

"Anatembea, Mama, haki ya Mungu! Deusi, mwambie!"

"Anatembea, ila kwenye majani," alisema Deusi.

Mama alimpangusa Mujuni matako, akasema, "Sawa, wanangu," akarudi jikoni. Ile "sawa" iliniuma kuliko fimbo.

Kumbe mtoto alikuwa anaiogopa ardhi. Sasa nifanye nini? Krismasi iko mlangoni. Nikachukua majani kutoka kwenye rundo, nikatandaza njia nene, kutoka nyuma ya jiko mpaka karibu na mlango. Mujuni akaipita. Kesho yake nikapunguza, njia ikawa nyembamba zaidi. Akapita. Nikapunguza tena. Deusi anakaa mbele ana ndizi mbivu mkononi, mimi nyuma nimetanua mikono kama kuku. Ikafika mahali yamebaki majani machache tu ya kumdanganya macho, na chini yake ni udongo mtupu. Siku ya mwisho sikutandaza kitu. Nilimuweka tu pale njia inapoanzia. Akaangalia chini. Nilifunga macho.

Nilipofumbua, ameshafika mlango wa jiko, kashika fremu, anachungulia ndani.

Mama alikuwa kakaa kwenye kigoda na kisu na ndizi. Hakupiga kigelegele. Alimuangalia, huku mkono unaendelea kumenya. Ganda lilishaisha, sasa anamenya ndizi yenyewe, vipande vinadondoka, mpaka mkononi hakikubaki kitu. Mujuni akaingia akaenda kushika sufuria ya maharage. Hapo ndipo Mama akazinduka. "Moto huo!" akasema, akamnyakua, akaficha uso wake kwenye shingo ya mtoto. Mimi nilidhani anamkagua kama ameungua.

Siku ya pili ya Krismasi tukapanda bodaboda mbili kwenda Kayanga. Baba na mizigo yetu moja, sisi watatu nyingine. Mpango wangu ulikwenda sawa, tulitoka mapema, uji upo, kanga zipo. Tukaisikia jenereta kabla hatujaiona, na Mujuni akaijibu, "Gugugugu!" Halafu nikaiona jampingi yenyewe, nyekundu na njano, inapumua. Nikatafuta maandishi ya rangi nyekundu. Sikuyaona. Nikasema labda yamefutika kwa mvua.

Mlangoni alikaa kijana mmoja na muwa wake, anatafuna. Nikamshusha Mujuni chini mbele yake.

"Shikamoo. Huyu anatembea!"

"Marahaba. Nini?"

"Anatembea! Mujuni, tembea akuone!" Mujuni akatembea, hatua zake zile za bata. "Umeona? Usije ukasema hatembei!"

Kijana akatema makapi. "We mtoto, nani kakuuliza? Vueni viatu muingie."

Nikaangalia ndani. Kwenye kona ya jampingi kulikuwa na mama mmoja kakaa, kapakata mtoto mchanga ambaye hata kukaa bado. Analamba ngumi yake. Kaingia huyo!

Nikageuka. "Mama! Si ulisema kuna sheria?"

Mama alikuwa anahangaika na kifungo cha kiatu cha Mujuni. "Labda wamebadilisha," akasema, bila kuinua kichwa. Baba akamtazama, akataka kuuliza, akaacha.

Nilikuwa tayari kugombana na mtu, ila jampingi ilikuwa pale, na nafasi ya hasira ikaisha. Tuliingia. Watoto wakubwa wanaanguka, wengine wanalia, wanawaita mama zao. Mujuni akaanguka, akainuka, akaanguka, akainuka, ndio mchezo anaoujua. Kijana wa mlangoni akasema, "Mama, ingia umshike huyo, asikanyagwe." Mama akasita na gauni lake la sikukuu. Akavua viatu. Akapanda hatua moja, jampingi ikamtupa, akaanguka chali mbele ya Kayanga nzima. Nikashtuka nikidhani ataona aibu. Alikuwa anacheka. Alijaribu kuinuka, akaanguka tena, Mujuni akamuangukia tumboni, na Mama akabaki hapohapo amelala, anacheka mpaka machozi yanaingia masikioni. Jua lilikuwa limeshapita saa ya usingizi wa Mujuni. Hakuna aliyelala. Sikuiona Rwanda, lakini sikukumbuka kuitafuta.

Miaka imepita. Mujuni sasa ni beki, anakimbia mpaka unachoka kumtazama. Mimi shule niliiacha njiani, mengi nimejifunza mwenyewe kwa kuuliza na kugombana, na hili la jampingi nalo lilinijia hivyohivyo, kidogokidogo. Nilikuja kukumbuka kwamba siku za kliniki Mama alikuwa anatutoa nyumbani bado kuna umande, anafika wa kwanza, tunaondoka akina mama wengine ndio wanakuja. Wakati ule nilijivunia kwamba Mama yangu anawahi. Nilikumbuka pia kwamba kanisani tulikaa benchi la nyuma, na kwamba Mujuni alifunikwa kanga miguuni hata kukiwa na joto.

Mwaka jana tukitoka kanisani nikamuuliza. "Mama, ile sheria ya jampingi uliitunga wewe?"

Akatembea kidogo. "Nilikuwa nimechoka kuulizwa," akasema. "Kila mtu, huyu mbona hatembei, huyu mbona hatembei. Chonyonyo nilishazoea. Nikasema Kayanga nako, na watu wote wale, siwezi."

"Ungeniambia."

"Wewe? Ungeipiga Kayanga yote."

Ni kweli, ningeipiga. Tukaenda. Nikamuuliza tena, "Sasa kama asingetembea mpaka Krismasi?"

"Ningekwambia mwaka huu jampingi haikuja."

"Na mwaka unaofuata?"

"Ningetafuta lingine."

Alisema kawaida tu, kama mtu anayesema angechota maji mengine. Akaenda mbele kumuamkia mtu anayemfahamu, akasimama katikati ya barabara kuongea, haraka hana. Nilitaka kukasirika, kwa mazoea. Nikatafuta wa kumkasirikia, sikumpata.