Siku Mjomba Alipompiga Mjerumani

Vigelegele hunitia hofu. Ninakaa Iyunga, Mbeya, na mtaa wetu hauishiwi harusi. Akina mama wakianza tu kupiga vigelegele, macho yangu yanatafuta kwanza ni nani aliyelala chini. Majirani wanasema nina maringo, eti hata nikivutwa mkono sichezi. Ninyi nitawaambia ukweli. Mara ya kwanza kusikia vigelegele vya umati mzima, watu walikuwa wanamshangilia mtu aliyekuwa akimpasua baba yangu kichwa.

Nilikuwa na miaka tisa na tulikuwa tunakaa Kihesa, Iringa. Baba alikuwa mtembeza wageni kwenye nyumba ya makumbusho ya sanaa pale mjini, jengo la zamani lenye kuta nene na baridi ya kukufanya ukae na sweta mchana kutwa. Jumamosi moja kila mwezi watu waliingia bure. Asubuhi Baba aliwazungusha kwenye picha na vinyago, mchana kulikuwa na mhadhara, na jioni uani kulipigwa ngoma na kwaya zikaimba. Ukumbi ulinuka rangi ya mafuta, nta ya sakafu na makoti yaliyonyeshewa. Watu walikuja na watoto mgongoni, na mahindi ya kuchoma mfukoni, na maswali. Mzee mmoja alimbana Baba mbele ya picha ya ng'ombe: "Huyu mbona ana chuchu tatu? Ya nne mmeipeleka wapi?" Baba akamjibu kwa heshima zote, "Ya nne iko upande wa pili, baba, anainyonya ndama." Mzee akaridhika kabisa, akahamia picha nyingine.

Baba alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu na Mama Mhehe wa hapo hapo Iringa. Kaka yake Mama alikuwa mmoja tu, Mjomba Fide, mpasua mbao wa Mufindi, mtu mwenye mabega ya kujaza mlango. Mama alichumbiwa na kuolewa wakati Mjomba yuko huko msituni. Aliporudi Krismasi alimkuta dada yake mke wa mtu, tena mjamzito, na mimba yenyewe ndiyo mimi. "Mimi sikuulizwa," alisema siku ile, na akaendelea kulisema miaka yote, kila mara akicheka.

Mnajua mambo ya mashemeji. Shemeji na shemeji wanataniana, na anayetaniwa haruhusiwi kununa. Mjomba alijificha humo. Alimwita Baba mla ndizi, naye Baba akamrudishia habari za Wahehe na nyama ya mbwa, na hapo hapakuwa na ubaya. Lakini Mjomba alikuwa pia na utani wa mikono. Alikuwa akimsalimia Baba kwa kumminya vidole mpaka vinalia. Siku moja alimvika gunia la mkaa kichwani, akamwangusha uani, akamkalia kifuani mpaka miguu ya Baba ikaanza kupiga ardhi yenyewe. "Utani huo, shemeji!" alisema alipomwachia. Baba aliinuka akikohoa mavumbi meusi, akatafuta neno la kuchekesha, akalipata. Bibi, mama yake Mama, alicheka, na majirani wakacheka. Mama peke yake aliingia ndani akafunga mlango.

Basi Jumamosi ninayoisema makumbusho walikuwa wameandaa igizo la vita ya Wahehe na Wajerumani. Kikundi cha ngoma cha Kihesa, ambacho Mjomba alikiongoza kila alipokuwa mjini, ndicho kingekuwa jeshi la Wahehe. Kasheshe ilikuwa kumpata Mjerumani. Hakuna mwanamume wa Iringa aliyekubali kuvaa kofia ya Kijerumani mbele ya ndugu zake. Mwishowe akavalishwa Mnyakyusa. Kwenye mazoezi Mjomba alimgusa Baba begani kwa bua la muhindi, Baba akaanguka akafa, na kwaya ikaingia. Niliyaona mazoezi yale mara nyingi na nilimpenda Baba alivyokuwa anakufa, maana alijua kutoa ulimi.

Kabla ya igizo kulikuwa na mhadhara kuhusu picha za vita. Mhadhiri alikuwa mtu mwema, mrefu wa maneno. Wachezaji walikuwa wamesimama nyuma ya ukumbi, wamevaa ngozi, wakisubiri zamu yao, Mjomba akiwa katikati yao. Mhadhiri alipomaliza akamwinua Baba kwenye kiti. "Tumpigie makofi ndugu yetu huyu," alisema, "kwa sababu mwisho wa mwezi anatuacha. Anahamia Mbeya na familia yake yote."

Mama alishusha kichwa. Walikuwa wamepanga kumwambia Mjomba Jumapili, baada ya kanisa, taratibu, kukiwa na chai. Mimi niligeuka nyuma kumtazama, nikamwona anapiga makofi pamoja na watu, polepole, wenzake walipoacha yeye akiendelea. Kisha akatoka nje.

Uani watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Baba alitokea na kofia ya kadibodi, mkanda mpana, na kiunoni singe ya kweli, kile kisu kirefu cha kuchomekwa mdomoni mwa bunduki. Mkuu wa makumbusho alikuwa ameitoa kwenye kabati la kioo ili watu waone kitu halisi. Baba alizomewa vizuri sana, naye akatembea kwa madaha kama jogoo, watoto tukazidi kuzomea. Ngoma zikapanda. Wahehe wakaingia wakikanyaga ardhi kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa na bua lake. Mjomba alishika rungu.

Baba aliliona. Nilikuwa mbele, na niliona macho yake yakishuka kwenye rungu yakapanda kwenye uso wa Mjomba. Midomo yake ilisema, "Shemeji." Pigo la kwanza likampata bega la kushoto, hapo hapo pa kwenye mazoezi, na nilisikia kitu kikikatika. Pigo la pili likampata juu ya sikio. Kofia iliruka. Baba alipiga magoti, akaanguka, na damu ikamtoka kwenye nywele ikashuka shingoni ikaingia kwenye kola nyeupe.

Watu wakasimama wote. Vigelegele! Akina mama walitupa kanga hewani. Mtu nyuma yangu alisema kwa furaha, "Ona damu hiyo, hawa watu wa picha kwa rangi hawajambo!" Mimi nilikuwa nalia kwa nguvu zangu zote. Mama mmoja mnene alinikumbatia nisikimbilie mbele. "Tulia mwanangu, wanacheza tu. Sasa hivi anainuka." Nilimng'ata mkono mpaka akapiga yowe, na yowe lake likapotea ndani ya vigelegele. Sijawahi kuwa mpweke vile, kati ya watu mia na zaidi waliokuwa wakifurahi.

Mjomba alisimama juu ya Baba, miguu huku na huku, ameinua rungu mara ya tatu. Hapo Mama akapita. Sijui alivukaje benchi zile. Alijitupa juu ya Baba kifudifudi, na rungu lilikuwa limeshaanza kushuka, likamwangukia mgongoni. Watu walishangilia zaidi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Ngoma ndiyo iliyonyamaza kwanza. Mpiga ngoma alikuwa karibu, alisikia mlio wa mfupa. Kisha wachezaji wakamvamia Mjomba wakamnyang'anya rungu, naye hakupigana nao, alikuwa anapiga kelele kama mtoto: "Sikuulizwa! Tena sikuulizwa!"

Hospitali Baba alishonwa kichwa, na sikio lile halikusikia tena mpaka anakufa. Polisi walikuja wodini. Baba aliwaambia yalikuwa maigizo, shemeji alichanganya bua na rungu, basi. Nilimchukia kwa jibu lile. Nilitaka Mjomba afungwe, nilitaka hata apigwe mbele yangu. Tukahamia Mbeya, tukapanga Uyole, na Mjomba alipokuja kututembelea mwaka uliofuata, Baba alimpokea mzigo. Waliketi sebuleni wakazungumzia mvua na bei ya mbao kwa Kiswahili safi kabisa, kama watu waliokutana ofisini. Hawakutaniana tena maishani. Nikaona Baba ni mwoga, na heshima ile yote ni ya mtu aliyeshindwa.

Baba amefariki, Mjomba pia. Mwaka jana Mama alikuja kukaa kwangu, na jioni moja tulikuwa tunamenya ndizi, nikamwambia kile nilichokibeba muda wote: kwamba siku ile yeye peke yake ndiye aliyemtetea Baba.

Mama aliacha kumenya. "Nani alimtetea baba yako?" aliniuliza. "Mimi niliulalia mkono wake."

Akanieleza. Kutoka alipokaa aliuona mkono wa kulia wa Baba ukienda kiunoni. Singe ilikuwa imeshatoka nusu kwenye ala yake. Mjomba alikuwa amesimama juu yake na kifua wazi, ameinua mikono yote miwili, hana habari. Kwa Baba, yule mtu wa mizaha ya chuchu za ng'ombe, miaka kumi ya vidole vilivyominywa na magunia ya mkaa ilikuwa imefika mwisho, na alikuwa anakwenda kuua. Mama aliubana mkono ule chini ya tumbo lake mpaka vidole vikalegea. Wodini Baba hakuwadanganya polisi kwa woga. Alikuwa anajua yeye na shemeji yake walikuwa wamefika mahali pamoja, na waliokolewa pamoja.

"Ungemzika mjomba," Mama alisema, "na baba yako ungemwona gerezani."

Nilimuuliza kuhusu pigo la tatu. Kwani hakuliona linakuja? Mgongo ule haujanyooka mpaka leo; hata pale kwenye kigoda alikuwa amekaa upande.

"Niliona," alisema. "Lazima lingempata mtu. Mimi nisingerudisha pigo."